Kitabu Kilichotoka Bila Karatasi

Barua ilinifikia Ijumaa, na posa ilikuwa Jumapili. Katikati nilikuwa na Jumamosi moja tu, nikaitumia kufua mapazia ya mama na kulia bafuni huku nimefungua maji, nisisikike.

Ilikuja ndani ya boksi la vitabu, kama kila kitu kinavyokuja kwenye maktaba ya chuo chetu hapa San Jose: kwa basi la asubuhi kutoka Iloilo, nyuma ya kiti cha dereva, limefungwa kamba ya bluu. Barua iliandikwa kwa mkuu wa chuo, na nakala yake ilikuwa yangu mimi, Mirasol Sumagaysay, mkutubi. Ilisema Umoja wa Maktaba umekaa na kuhesabu ni nani anaazima na ni nani anaazimisha wenzake. Maktaba yetu, kwa miaka minne, imeazima vitabu mia tatu na kumi na viwili. Yenyewe haijaazimisha hata kimoja. Kwa kanuni mpya, asiyeazimisha hata kimoja haazimishwi; kwa hiyo kuanzia mwezi ujao hatutapewa kitabu, wala kurasa zilizopigwa picha.

Chini yake: Rodel Catalbas, Katibu.

Sahihi ile niliijua kuliko yangu. Miaka mitatu ilinijia nyuma ya vikaratasi vya maombi. Mara ya kwanza niliomba kitabu cha uzazi mgumu kwa ajili ya wanafunzi wangu wa uuguzi. Kilipofika, nyuma ya kikaratasi mkutubi wa Iloilo alikuwa ameandika: "Ukurasa wa 88 una doa la kahawa. Si mimi. Ni msomaji mmoja aliyefeli mtihani, tumsamehe." Nikacheka peke yangu mezani mpaka wanafunzi wakageuka. Nikamjibu nyuma ya kikaratasi cha kurudishia. Basi tukaendelea hivyo, vitabu vikivuka milima kwenda na kurudi na maneno yetu ndani, mpaka siku moja aliteremka kwenye basi mwenyewe, kitabu kinene cha mimea amekipakata.

"Hiki kiko nakala tatu tu nchi nzima," akasema. "Nimeogopa kitapotea njiani, nikaona nikisindikize."

Alikuwa na macho ya mtu aliyechelewa kulala kwa ajili ya kusoma, na meno ya mbele yaliyopandana kidogo. Nikampenda hapo hapo, na sioni sababu ya kuficha.

Kuhusu ile hesabu, niseme ukweli. Maktaba yetu haina kitu ambacho mji unakitaka. Mkono mtupu haulambwi, na sisi mkono wetu ulikuwa mtupu, isipokuwa kwa kitabu kimoja. Marehemu bibi yangu, Lola Consing, na wanawake kumi na mmoja wa Bugasong walikitengeneza kwa mikono: kila ukurasa una mchoro wa mtindo mmoja wa kufuma patadyong, nguo yetu ya kujifunga kiunoni, na chini ya mchoro kipande cha kitambaa chenyewe kimeshonewa kwa uzi. Hakuna nakala ya pili. Kwenye jalada kuna kibandiko chekundu: HAKITOKI.

Rodel alikuwa anaandika tasnifu ya shahada yake ya pili, juu ya nguo za kisiwa chetu. Akaniomba.

"Wiki sita tu, langga," alisema. Langga kwetu ni mpenzi. "Ila usijaze fomu. Ukijaza, mkuu wako ataona, na atakataa. Iwe kati yangu na wewe."

Nikakitoa. Kwetu wakutubi hakuna dhambi inayozidi kutoa kitabu bila karatasi, nami niliitenda huku natabasamu. Wiki sita zikawa miezi kumi na minne. Kila nikiuliza, aliniambia bado sura moja, langga, bado sura moja.

Sasa unaelewa kilichonitoa machozi Jumamosi. Hapa duniani tulikuwa watu wawili tu tunaojua kwamba yale maneno "hata kimoja" ni uongo, na mmoja wetu ndiye aliyeyatia sahihi.

Hata hivyo nilikuwa na tumaini, maana anayependa hakosi la kumtetea mwenzake. Nikajiambia: yeye ni katibu tu. Wakubwa wameamua, yeye kapewa kalamu. Atakuja Jumapili, atanivuta pembeni, ataniambia, Mirasol, nimelazimishwa, na tutatafuta njia. Nikamsubiri kwa tumaini hilo.

*

Walifika saa tano asubuhi, Rodel na mama yake, kwa gari la kukodi. Mama huyo, Nanay Amparo, alishuka na sufuria kubwa ya supu ya pansit molo, kaifunga kwa kitambaa cheupe mdomoni, na vikapu viwili vya ibos, wali wa kunata uliofungwa kwa majani. Rodel alikuwa na kifurushi cha karatasi ya zawadi kwapani. Alinitazama kama anavyonitazama siku zote, kwanza macho, halafu mikono, halafu macho tena. Nikatafuta humo dalili ya mtu mwenye siri nzito. Sikuiona, na hilo likanitisha.

"Karibuni, karibuni," alisema baba. "Nonoy, kijana wangu, kaa hapo karibu na feni, usije ukaloa jasho kabla hujaposa."

Mama alipokea sufuria akaiweka mezani bila kuifunua. Mama yangu hakumtaka Rodel tangu mwanzo. Alikuwa akisema: yule kijana anakutazama kama kabati zuri, anapima litapitaje mlangoni kwake. Nilimkasirikia wiki nzima kwa kauli ile.

Tukala kwanza vyetu, mbaazi nyeusi na nyama ya nguruwe na fenesi bichi, na wazee wakasifiana mapishi kama inavyopasa. Kisha Nanay Amparo akafuta midomo na kunyoosha mgongo.

"Tay Anselmo, Nay Salud, mnajua tumefuata nini. Nyumba yetu ya Jaro, kule Iloilo, ni kubwa na imejaa upweke. Namtaka binti yenu, Inday Mirasol, awe mwanangu."

"Na kazi yake?" aliuliza mama. "Maana mwenzio anafundisha watu wasome. Wanafunzi wake wanapasi."

"Ndiyo maana nikasema huu ndio wakati mzuri, Nay. Kazi yenyewe si inaisha?" Nanay Amparo alinigeukia kwa upole, na nataka nimtendee haki, hakuwa na ubaya hata chembe. "Rodel alituambia tangu mwezi wa tatu. Alisema, Mama, nimepata njia. Maktaba ile ikishatoka kwenye Umoja, Mirasol hatakuwa na cha kumshikilia kule. Atakuja mwenyewe."

Baba aliacha kutafuna.

Nilimtazama Rodel. Alikuwa anatazama sufuria.

Mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu ndio tulikwenda Anini-y, tukakaa kwenye chemchemi ya maji ya moto na miguu yetu ikigusana, akaniuliza ningependa watoto wangapi.

"Tay," nikasema, "naomba ruhusa nizungumze na Rodel kwenye chumba cha kufumia."

"Nenda, Inday," alisema baba. "Sisi tupo."

*

Chumba cha kufumia ni ubavuni mwa nyumba, ukuta wake ni wa mianzi, na kila mtu pale mezani alijua angesikia kila neno. Kitanda cha kufumia cha Lola Consing bado kimesimama mle, na kitambaa cha mama nusu kimefumwa, nyekundu na manjano. Rodel alikaa kwenye benchi lake. Mimi nilisimama.

"Hoja ya kututoa kwenye Umoja, uliletewa, au uliileta wewe?"

"Langga, nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza miaka mitatu. Uliileta wewe?"

"Niliileta mimi."

Nilidhani nimejiandaa. Sikuwa nimejiandaa. Nikashika kitanda cha bibi.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila nikikuomba uhamie, unaniambia wanafunzi wangu, wanafunzi wangu. Mirasol, una miaka thelathini na moja. Unabeba maboksi kutoka stendi kama kuli. Unaomba vitabu kwa watu wasiokujua, unabembeleza, unaandika barua tatu kupata kitabu kimoja. Nilitaka upumzike. Nilitaka uwe huru."

"Nani alikwambia nimefungwa?"

"Hata wenyewe kwenye Umoja walikuwa wanalalamika. Vitabu vinapotea, nauli ya mizigo imepanda, maktaba kubwa zinasema kwa nini tuwabebe wadogo. Ingekuja tu siku moja. Mimi niliiwahisha."

"Uliiwahisha." Nililirudia neno lile nione lina ladha gani. "Na kurasa za picha je? Si wewe uliyeniambia huo ndio mwanya wetu sisi wadogo? Ukanikalisha hapa na simu yako, ukanionyesha, ona langga, sura nzima inavuka mlima kwa dakika mbili, hakuna basi, hakuna mvua. Nikawaambia wanafunzi wangu. Walipiga makofi, Rodel. Na barua yako inasema hata kurasa tusipewe."

"Hilo hawakupaswa kuliandika."

"Wewe ndiye uliyeandika."

Kule mezani kijiko kiligonga sahani.

"Mwezi wa kumi na moja nina wasichana thelathini na wanne wanafanya mtihani wa leseni," nikasema. "Kitabu cha uzazi wanacho kimoja, nacho ni cha kwenu, wiki hii lazima kirudi. Wanakisoma kwa zamu, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanaandika. Uliwafikiria?"

"Nilikufikiria wewe."

Aliposema hivyo sauti yake ilivunjika, na najua hakuwa akiigiza. Alinipenda. Ningemwona tapeli ningelala usingizi. Lakini alikuwa mtu anayenipenda, aliyekaa mezani kwake akatafuta kitu ninachokipenda ili akiondoe, nibaki na yeye tu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami mdudu wangu nilimfulia na kumpigia pasi.

"Ukaandika 'hata kimoja'," nikasema.

Alifumba macho.

"Ulijua, Rodel. Ulikuwa unaandika sentensi hiyo na kitabu cha bibi yangu kiko wapi? Kwenye meza ile ile?"

"Kwenye droo," alisema polepole. Kisha akachukua kile kifurushi chake akaninyooshea. "Nimekirudisha. Nilitaka nikupe leo mbele ya wazee. Nikajua utafurahi."

Nikachana karatasi ya zawadi. Kilikuwa chenyewe, na kibandiko chake chekundu. Nikakifungua ukurasa baada ya ukurasa, nikapapasa kila kipande cha kitambaa kama tunavyokagua kitabu kikirudi. Vipande vyote vilikuwepo. Katikati alikuwa amesahau kikaratasi chake cha kuwekea alama, kimeandikwa: "Mtindo huu, kumwuliza Mirasol jina lake." Hakuniuliza kamwe.

Tangu Ijumaa nilikuwa na fomu tupu ya kuazimisha vitabu imekunjwa mfukoni mwa sketi. Sikujua niliibeba ya nini. Pale ndipo nilijua. Nikaikunjua juu ya benchi, nikampa kalamu.

"Jaza."

"Nini hii?"

"Unaijua kuliko mimi. Maktaba inayoazimisha, yetu. Maktaba inayopokea, yenu. Msomaji aliyeomba, jina lako. Tarehe kilipotoka, tarehe kiliporudi. Andika za kweli."

Aliisoma yote, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali.

"Nikisaini hii, Umoja watajua barua yangu ni ya uongo."

"Ndiyo."

"Ukatibu utakwenda. Labda na kazi."

"Na jina langu liko wapi? Angalia. Mkutubi aliyekitoa. Kesho mkuu wa chuo atasoma kwamba nilitoa kitabu kisichotoka, na sikumwambia mtu kwa miezi kumi na minne. Hatutapona wote wawili. Lakini wale wasichana watapata vitabu."

Aligeuza kalamu vidoleni. "Nikisaini, utakubali posa?"

Naapa, hilo ndilo lililoniumiza kuliko barua. Hata pale, bado alikuwa anatafuta njia ya kunipitisha mlangoni.

"Kusaini si mahari, Rodel. Nakuomba kwa ajili ya kitabu."

Kutoka upande wa pili wa mianzi ikaja sauti ya Nanay Amparo, nyembamba, imekauka. "Rodel. Ni kweli anayosema?"

Aliinama, akaandika. Tarehe aliandika za kweli, zote mbili, na mwisho akatia ile sahihi ninayoijua. Nisimnyime haki yake: alisaini.

Halafu akainua uso, na uso ule ulikuwa umejaa nuru ya mtu aliyemaliza deni. "Haya," alisema. "Limekwisha. Tuanze upya, langga."

Nikachukua fomu. Hali ya kitabu: nikaandika, kimerudi kizima. Ukabaki mstari wa chini kabisa, ule ambao hakuna anayejishughulisha nao, kwa sababu kila mtu hutia ndiyo bila kuusoma. Maktaba itakubali ombi jingine la msomaji huyu? Ndiyo. Hapana.

Nikatia alama yangu huku ananitazama.

"Mirasol."

"Nakupenda," nikamwambia, na machozi yalikuwa yamekwisha kushuka, sikuyafuta. "Sitaki uondoke ukidhani sikukupenda. Lakini nikija Jaro nitaishi nikijiuliza ni kitu gani changu kingine umekiweka kwenye droo."

*

Sikulazimika kusema lolote mezani. Baba alikuwa amesimama, mikono mgongoni. Nanay Amparo alikuwa ameinamia leso yake, na nilimwonea huruma.

"Mama yangu alikuwa na neno," alisema baba, hakumwambia mtu maalumu. "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Sikujua hata posa huletwa na kitabu cha kuazima." Hakuna aliyecheka, wala hakutaka tucheke.

Mama ndiye aliyemaliza. Alilikaza fundo la kile kitambaa cheupe kwenye sufuria ya pansit ambayo hakuifunua, akainyanyua kwa mikono miwili, akamkabidhi Nanay Amparo.

"Bado ina joto, mwenzangu," alisema kwa adabu yote. "Mtaila njiani."

Rodel alipita mbele yangu kuelekea garini. Alinitazama macho, halafu mikono, halafu akashindwa kurudi machoni.

*

Jumatatu mkuu wa chuo aliisoma fomu mara mbili. Aliniuliza kama nimeandika mwenyewe, nikasema ndiyo. Aliniuliza kama najua nitapewa barua ya onyo, nikasema najua. Akaigonga muhuri, akaniambia niipeleke na basi la saa nne, iwahi.

Wiki ya tatu boksi lilikuja, limefungwa kamba ya bluu. Juu kulikuwa na barua fupi ya Umoja kufuta uamuzi wake, na sahihi ya katibu mwingine, mwanamke, herufi za duara. Chini yake vitabu sita. Cha kwanza kilikuwa kile cha uzazi mgumu. Nilifungua ukurasa wa 88 nikalikuta doa la kahawa palepale lilipo.

Wasichana walikuwa wananisubiri mlangoni, nikawasikia wakinong'onezana ni nani ataanza zamu. Nilitoa kikaratasi cha ombi ndani ya jalada, nikakigeuza nione nyuma, kwa mazoea tu ya mkono.

Hakukuwa na kitu. Nikakitazama muda mrefu kuliko inavyotakiwa kutazama karatasi tupu, kisha nikapiga muhuri wa tarehe na kuwaita waingie.